Gunia la Kumi na Moja

Leo nimempoteza rafiki kwa sababu ya gunia moja la mahindi.

Tena mahindi yenyewe ya kwenye simu.

Mimi na Kibwana tulikuwa na gemu letu la kujenga miji na kupigana vita. Tulianza kulicheza tukiwa tumepanga chumba kimoja hapa Mwembesongo.

Gemu lilikuwa na kosa. Ukimtumia mwenzio magunia kumi, kwake yanaingia kumi na moja. Akikurudishia, yanaongezeka tena!

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Natuma, anarudisha. Maghala yakafurika, hakuna jeshi lililotuweza.

Kibwana akahamia Gairo, siku hizi ananunua mahindi ya kweli. Simu hapigi. Lakini magunia yake yalikuwa yanaingia kila siku, nikawa najisemea, huyu bado tuko pamoja.

Asubuhi limekuja toleo jipya la gemu. Kibwana kanitumia magunia kumi, yameingia kumi.

Nikamwandikia, "Mzee, kosa letu wamelirekebisha."

Akajibu hapo hapo, "Afadhali bwana. Ngoja nilifute hili gemu, simu yangu imejaa."

Nikaandika, "Poa kaka."

Ningesema nini sasa? Nyie mngemjibuje?

Mchana kutwa nimejikausha. Jioni hii nikashindwa, nikamtumia magunia kumi.

Yamerudi yote kumi, na maandishi juu yake: "Mji huu hauna mtu."