Wimbo Uliomwondoa Helge Nyumbani

Ylva Rönnqvist alikuwa na sauti ya kupasua koo. Katika mji wao mdogo mkoani Dalarna, Sweden, ambako karibu kila nyumba ililishwa na kiwanda cha mizinga ya vita, yeye na Jerker mpiga ngoma walianzisha bendi ya panki, ule muziki mkali usiompa mtu nafasi ya kupumua. Baba yake, Helge, alikuwa akichonga mitutu kiwandani humo tangu ujana wake. Mama alikwisha fariki. Walibaki wawili na supu yao ya njegere kila Alhamisi.

Ilipojulikana kwamba mizinga ya mji ilikuwa ikipelekwa kwa siri nchi zenye vita, Ylva aliandika nyimbo za santuri nzima. Waliirekodi kwenye ghala, wakitetemeka kwa baridi. Wimbo wa tatu ulisema kwamba mikono inayokata mkate nyumbani kwetu inanuka damu ya watoto wa wenzetu.

Santuri ilipotoka, mfanyakazi mmoja alimtupia Helge nakala kifuani. "Binti yako kakuimba, bwana. Kasikilize."

Alhamisi hiyo Helge aliisikiliza mpaka mwisho, supu ikipoa.

"Hiyo mikono ni ya nani?" aliuliza.

"Si yako, Baba. Nasema kiwanda."

"Kiwanda hakikati mkate, Ylva."

"Basi acha kazi. Unajua mizinga inakokwenda."

"Niache, halafu tule panki?"

Helge alivaa koti, akahamia kwa dada yake ng'ambo ya mto. Ylva alidhani hasira zingeisha baada ya wiki. Hazikuisha. Bendi ilizunguka mpaka Ujerumani, vijana wakiupiga kelele wimbo ule pamoja naye, naye akirudi anakuta nyumba kimya. Wakikutana dukani, Helge alimwitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwitikia jirani.

Miaka ikapita hivyo, mpaka mapafu ya mzee yalipochoka na shangazi akapiga simu.

"Nimeusikiliza sana ule wimbo," Helge alisema kitandani hospitalini. "Ni wa kweli. Nilijua kabla hujauandika."

"Mbona hukurudi, Baba?"

"Mbona hukuniambia mimi kwanza? Uliwaambia watu, mimi nikayapata kwa watu."

Ylva alimshika mkono, naye Helge akauacha ushikwe. Kesho yake asubuhi alikuwa amekata roho.

Baada ya mazishi Jerker alimvuta kando. "Kuna vijana Göteborg wanataka kuitoa upya santuri yetu. Tuuondoe ule wa tatu?"

"Usiuguse. Hauna uongo."

"Na wakitualika jukwaani?"

"Mtafute mwingine wa kuimba, Jerker. Mimi siwezi tena."

Ylva alifuta macho kwa kiganja, akaingia jikoni kumsaidia shangazi kuosha vikombe vya wageni.