Nepi Haziendi kwa Binti

Enzi zetu, mtoto mchanga alijulikana kwa kamba ya nguo kabla hajajulikana kwa jina. Ulitoka shule umebeba njaa yako, ukakata kona pale kwenye marundo ya magogo, na kabla mtu hajakwambia lolote ukaona nepi nyeupe zimejipanga kwenye kamba kama meno ya maziwa. Ukajua: Mama Cherono amejifungua. Hukuhitaji tangazo. Leo mtoto hutangazwa kwenye simu kwa picha ya unyayo, na jirani wa ukuta mmoja ndiye wa mwisho kupata habari.

Nazungumzia Elburgon, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Tuliziita laini, kwa sababu zilisimama kwa mstari mmoja, migongo yake ikiwa imeuelekea msitu wa Mau. Baba alikuwa wa msumeno mkubwa, na masikio yake yaliharibika mapema, jambo ambalo Mama alidai lilimfaa sana ndoani. Sisi ni Wabukusu, na kwetu mtoto hupewa jina la msimu. Mimi nilizaliwa wakati wa mavuno, nikaitwa Nekesa. Kitinda mimba wetu alizaliwa mvua ikinyesha bila haya, akaitwa Wafula, na jina hilo lilikuwa onyo tulilochelewa kulielewa. Nepi za Nekesa zilikauka. Nepi za Wafula hazikukauka.

Wenzangu mliolelewa nyanda za juu mnaijua baridi ya Julai. Ukungu ulishuka kutoka Mau asubuhi, ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Ulianika nepi ikiwa na maji, ukaianua jioni ikiwa na maji yale yale, ila sasa yamepoa zaidi. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na tenga. Lilikuwa tenga la fito, limefumwa kama la kufunikia kuku lakini kubwa kuliko hilo. Lilifunikwa juu ya jiko la unga wa mbao, lile la debe lililoshindiliwa unga likawaka polepole kutwa nzima bila kuongezwa kitu. Nepi zilitandazwa juu ya tenga, na joto likapanda taratibu. Unga wa mbao kiwandani ulikuwa wa bure, wenyewe wangelipa uondolewe. Hivyo watoto wa laini tulikauka bila gharama, na sote tulinukia moshi wa paini. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza alisema angeweza kututambua akiwa amefumba macho.

Nepi zenyewe zilikuwa mchanganyiko. Kulikuwa na zile za dukani, za kitambaa chenye manyoya kama taulo, na kulikuwa na zilizoshonwa kutoka mifuko ya pamba ya unga, ambayo maandishi yake hayakutoka hata ungeyachemsha namna gani. Wafula alitambaa laini nzima akiwa ameandikwa matakoni "kilo tisini", na Mzee mmoja wa msumeno akawa anamsalimia hivyo, "Kilo Tisini, hujambo?" Leo Wafula ana ndevu za mvi na kitambi kinachokaribia kutimiza ule unabii.

Mama hakupenda kazi ya bure. Alikuwa na sheria zake, nasi wasichana tulizijua kabla ya kujua kuhesabu. Choo kikwanguliwe papo hapo, kisisubiri. Nepi ilowekwe kwenye maji baridi, kamwe si ya moto, maana maji ya moto huliambia doa likae. Ndani ya nepi weka kipande cha fulana kuukuu, ufue hicho kipande na nepi upumzike. Mvulana mkunjie unene mbele, msichana nyuma. Siku ya kuchemsha chemsha zote kwa debe moja, usiwashe moto mara mbili kama tajiri. Na nepi ya jua usipige pasi, jua limeshapiga. "Mvivu mwenye akili," alisema Mama, "hufua mara moja. Mvivu mjinga hufua mara tatu."

Lakini kitu ninachokitamani si sabuni wala jiko. Ni furushi.

Kulikuwa na furushi moja la nepi lililozunguka laini nzima. Mtoto wako akianza kwenda choo mwenyewe, ulizichemsha zile nepi, ukazitia bluu ya kufulia, ukatoa zilizochakaa, ukaweka mpya mahali pake, na kwenye pembe ya ile mpya ukashona uzi wa rangi yako. Kisha ukabeba furushi mpaka mlango wa jirani aliyekuwa mjamzito. Uzi wa Mama ulikuwa mwekundu. Wa Mama Cherono ulikuwa kijani. Kulikuwa na nyuzi za akina mama waliohama kabla sijazaliwa, ambao sikuwajua kwa sura ila kwa mishono. Na hukushukuru. Aliyeshukuru alichekwa. Ulipokea ukasema, "Karibu chai," basi.

Sheria moja ilinishangaza. Furushi halikwenda kwa binti yako, hata awe na mimba ya mapacha. Lilikwenda kwa jirani. Nilimwuliza Mama kwa nini, akajibu akikamua nguo, "Binti utamsaidia hata kama amekukasirisha. Jirani lazima utafute sababu ya kumgongea mlango."

Siku ya ubatizo wa Wafula ndipo nilipoelewa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, unga wa mbao umelowa, tenga limekaa juu ya jiko lililozimika kama kofia juu ya maiti. Hapakuwa na nepi kavu hata moja. Mama alikaa kitandani na mtoto uchi amevikwa shuka, akasema kwa sauti ndogo kwamba hatuendi. Baba akashauri mtoto abatizwe hivyo hivyo, kwani Mungu alikuwa ameshamwona. Mama alimtazama Baba mpaka akaenda kutafuta viatu vyake.

Kisha mlango ukagongwa. Mama Cherono alisimama pale na nepi moja ndani ya blauzi yake, kifuani, alikoificha isilowe.

"Hii ni ya nini?" Mama akauliza, ingawa aliona.

"Ni ya kufungia sukari," Mama Cherono akasema. "Wewe vipi? Mvike huyo mtu twende, mchungaji hatungoji."

Nyuma yake alikuja mwingine, na mwingine, kila mmoja na yake, nyingine vuguvugu bado kutoka kwenye pasi ya makaa. Wafula alibatizwa akiwa mkavu, na mchungaji alipoinama kumwekea maji alinusa, akanong'ona, "Huyu ameshafukizwa tayari."

Ndiyo maana pia, tone la kwanza la mvua lilipogusa bati, laini nzima ilipaza sauti moja: "Nepi!" Mtoto yeyote aliyekuwa karibu aliacha mchezo wa kati au wa bano na kukimbilia kamba iliyo karibu, awe anamjua mwenye kamba au amegombana naye asubuhi. Ulianua kwanza, ukauliza za nani baadaye. Nimekimbia mbio nyingi maishani, nyingine za kutafuta cheo, lakini sijawahi kukimbia kwa furaha kama ile, na nepi za mtu mwingine zikinipiga usoni.

Kisha ukataji miti ulisimamishwa, kiwanda kikafungwa, watu wakatawanyika. Wafula alikuwa mtoto wa mwisho kuzaliwa kwenye ile laini. Mama alichemsha furushi, akalitia bluu, akaongeza nepi yenye uzi mwekundu, akatoka nje kutafuta mlango wa kugonga. Hapakuwa na mlango. Alihamia kiploti chetu kidogo nje ya mji, akaliweka furushi kwenye sanduku la bati, na kila Januari akawa analitoa juani na kulirudisha. Wajukuu walizaliwa, mimi nikamzaa Naliaka wangu nikamnunulia nepi zake, na Mama hakuligusa. Nilidhani amesahau ni la nini.

Mwaka huu Naliaka amepata mtoto. Anaishi Free Area, Nakuru, ghorofa ya tatu, na anatumia nepi za kutupa, zile zinazomaliza mshahara kabla mwenye nyumba hajafika. Mimi nilisomea uchumi chuo kikuu, na mtu akisomea uchumi hawezi kunyamaza. Nilimtumia ujumbe wa sauti mrefu kuhusu nepi za kitambaa, nikataja maji baridi, fulana kuukuu na mvivu mwenye akili. Alinijibu kwa kile kikaragosi kinacholia kwa kicheko.

Kwa hiyo Mama aliposema anataka kupelekwa kwa Naliaka na furushi lake, nilifurahi. Nilifikiri amevunja sheria yake kwa ajili ya kitukuu. Wafula alituendesha kutoka Elburgon. Mama alilipakata furushi njia nzima, hakukubali liwekwe kwenye buti.

Wafula alibaki na gari, sisi tukapanda ngazi. Mama alimshika kitukuu, akamnusa, akamrudisha. Kisha akauliza, "Naliaka, jirani yako ana mtoto?"

"Kukhu, si hizo nepi ni zangu?" Naliaka akamwuliza nyanya yake.

"Zako za nini? Wewe ni damu. Hapo mlango wa pili nimesikia mtoto analia. Mama yake anaitwa nani?"

Naliaka alinitazama, akatazama ukuta. "Sijui, Kukhu. Kwa hii ploti kila mtu na mambo yake. Tunapitana tu kwa ngazi."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

Mama akalishika furushi kwa mikono miwili. Hapo nikaelewa alichokuwa amekibeba miaka yote hiyo. Alikuwa amekuja Nakuru kwa sababu alifikiri mahali penye watu wengi namna ile hapawezi kukosa jirani. Na alikuwa amechoka. Safari nyingine kama ile sote tulijua si rahisi.

"Basi nitagonga," akasema.

"Kukhu, watu wa hapa watadhani unauza kitu!"

"Wanunue."

Alitangulia. Naliaka alimfuata na mtoto begani, akifa kwa aibu, nami nikafuata nikifa kwa aibu ya kuona aibu. Mlango ulifunguliwa kidogo tu. Msichana mwenye kilemba cha hariri kichwani na macho ya kukosa usingizi alichungulia.

"Sasa, mathe."

"Sasa ndiyo salamu gani? Mimi nimesalimiwa nusu."

Msichana akacheka bila kutaka. "Shikamoo, mathe."

"Marahaba. Mtoto wako anaitwa nani?"

"Jayden."

"Basi wewe ni Mama Jayden. Hizi ni zako." Akamwekea furushi mikononi.

Mama Jayden aliinua nepi moja, akaigeuza, akaona uzi wa kijani pembeni. Aliuliza ni za pesa ngapi. Mama akamwambia hazina bei, ila atafute uzi wa rangi yake. Msichana alitutazama mmoja mmoja, kisha machozi yakamlengalenga, akafungua kinywa.

"Usishukuru!" sote watatu tukasema, hata Naliaka, ambaye alikuwa ameisikia hadithi hii mpaka ikamchosha.

Msichana alibaki ameduwaa. "Sasa niseme nini?"

"Sema karibu chai," nikamwambia.

Tuliingia. Tukanywa chai iliyokolea maziwa, Mama akamfundisha sheria zote za maji baridi, na Mama Jayden akauliza, "Kwa hivyo sasa ni zangu kabisa? Naweza kumpa mtu?" Mama akakubali. Msichana akamgeukia Naliaka. "Basi wewe wa hapo, njoo tugawane. Mimi nafua Jumatano, wewe Jumamosi. Hizi za kutupa zimenimaliza." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Sheria yake haikuvunjika, ilizunguka tu ukuta.

Leo Naliaka ananipigia simu na majina ambayo hakuwa nayo. Wa chini ni Mama Shani, yule wa kona ana mimba. Kamba iko juu ya paa, na vijana wanaopita hapo wanauliza kama ni bendera za chama kipya. Sanduku la Mama sasa linawekwa viazi. Nilipokwenda Elburgon kumwona nilipita pale palipokuwa na laini, pamekuwa shamba la kabeji, na nilisimama pembeni nikinusa kama mbwa. Hakukuwa na moshi wa paini.

Juzi tulikuwa tunaongea kwa simu, mimi nikiwa kwangu Njoro, na mvua ikaanza kote kuwili kwa pamoja. Kabla Naliaka hajamaliza sentensi nilisikia sauti ya mwanamke mwingine ikipaa ngazi nzima: "Nepi!" Milango ikafunguka, miguu mingi ikakimbia juu, simu ikatupwa kwenye kiti bila kuagwa.

Nami nilikuwa nimeshainuka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, kandambili mguu mmoja, ndipo nikakumbuka kwamba kwenye kamba yangu hakuna kitu.