Siku Mguu Wangu Ulipohutubia Masaki

Kwa miaka mingi nimejifanya nimelisahau jambo hili, lakini kwa kuwa mke wangu hulisimulia kila tukipata wageni, tena kwa kutia chumvi, bora leo niliseme mwenyewe: mimi Maganga, mtoto wa Tabora, niliwahi kumfanya baba mkwe wangu alie kama bata mbele ya kijiji kizima, na wakati huo hata huo ukwe alikuwa hajanipa.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa karani Kibaha, na baada ya kazi nilipiga gitaa katika bendi yetu ndogo ya Misugusugu. Tulikuwa na amplifaya moja ya kutumia betri ya gari, yenye matundu mawili ya kuchomekea waya, moja zima na moja lilishakufa, kwa hiyo gitaa lilichukua lile zima, kipaza sauti chetu kikakaa bure na mwimbaji wetu aliimba kwa mapafu yake tu (na alituchukia kwa hilo). Siku moja mimi na Sefu, mpiga tumba na kiongozi wetu, tukaenda Kariakoo kwa baharia mmoja aliyerudi na makanyagio mawili ya gitaa, vile visanduku vya chuma unavyoviweka chini na kuvikanyaga ili sauti ibadilike. Moja lilitoa mwangwi, unalibonyeza mara moja unaliacha liendelee lenyewe. La pili lilikuwa na bapa la kuchezesha kwa mguu, ukilisukuma mbele na kulirudisha, gitaa linasema "waa-uu, waa-uu" kama mtoto aliyenyimwa maziwa.

"Chukua la mwangwi," Sefu akaniambia. "Hili jingine linataka mguu uliotulia, na wewe mguu wako haujatulia tangu nikufahamu."

Alisema kweli, nikiwa na wasiwasi mguu wangu wa kulia hudunda wenyewe. Lakini nilijiona jukwaani, suruali ya bugaluu iliyopanuka chini, kiatu cha kisigino kirefu, naliza gitaa kwa unyayo huku akina dada wanashangaa, nikachukua la kuliza. Shida zote zilianzia hapo, wala hakuna aliyenilazimisha.

Nilikuwa na sababu ya kutaka kuonekana. Nilikuwa nimepeleka barua ya posa Masaki, Kisarawe, kwa Mzee Kondo. Binti yake Tatu ndiye niliyempenda, alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima pale Kibaha. Mzee Kondo ni Mzaramo na alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mtu asiyecheka ovyo, na jibu alilompa mshenga lilikuwa fupi: "Huyo mpiga magitaa nataka kwanza nimwone." Kijiji kilipomaliza kuvuna korosho za shamba la pamoja, kikaalika bendi yetu kwenye sherehe ya mchana. Nikajua naitwa kupimwa.

Tukafika, tukafunga vyombo, nikapiga wimbo mmoja, watu wakashangilia lile kanyagio na wazee wakaanza kuliita kiatu cha gitaa. Nikamwona Tatu kwa mbali anatabasamu. Kisha Mzee Kondo akataka kuhutubia kwa kipaza sauti. Ilitakiwa nichomoe kanyagio, nichomeke kipaza sauti moja kwa moja kwenye amplifaya, kazi ya dakika moja. Lakini waya wa kutoka kwenye kanyagio hadi kwenye amplifaya nilikuwa nimeuunga kwa plasta ya hospitali na niliogopa utakatika mbele ya mkwe, basi nikachomoa gitaa tu na kuchomeka kipaza sauti palepale kwenye kanyagio. Nikasimama nyuma yake kwa adabu, mikono mbele. Mguu nikausahau juu ya bapa.

"Ndugu waa-naa-uu-nchi," mzee akaanza.

Watu wakadhani ni betri. Mzee akakohoa, kikohozi nacho kikatoka na mkia. Akaingia kwenye maneno mazito, kuhusu wale wasiokwenda shambani zamu yao ikifika, na kadiri alivyokuwa mkali ndivyo nilivyoogopa, na nilivyoogopa ndivyo mguu ulivyodunda, mpaka wavivu wa kijiji wakawa wanakaripiwa na bata. Wanawake wakajiziba midomo kwa kanga.

"Nani anaa-uu-cheka?" akauliza, hapo hata wazee wenzake wakainama.

"Mguu, Maganga! Mguu!" Sefu akanong'ona.

Nikatazama chini, nikauondoa mguu kwa nguvu, lakini pindo la bugaluu lilikuwa limenasa kwenye bapa, likaondoka na kanyagio, kanyagio likavuta waya, waya ukavuta mlingoti wa kipaza sauti, ukaanguka na kumvua mzee kofia. Nikabaki narukaruka kwa mguu mmoja, chuma kinaning'inia kwenye suruali. Nikasema moyoni, Tatu ndiyo basi tena.

Mzee akaokota kofia, akaikung'uta taratibu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Akaivaa kofia yake. "Mshukuru babu yako. Ungekuwa Mzaramo mwenzangu ningekuweka ndani. Lakini wewe mtani wangu, na mtani hakasirikiwi. Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu mabegani, kutoka huko kwenu mpaka pwani, hawakujikwaa. Wewe umejikwaa kwa uzi!"

Kijiji kikapasuka kwa kicheko.

"Sasa faini ya utani. Nasikia una haja kwangu. Iseme hapa, kwa kipaza sauti hichohicho. Kiatu nakanyaga mimi."

Basi Sefu akaninasua kanyagio na kuusimamisha mlingoti, nikasimama mbele ya Masaki nzima, mzee kaweka kubazi lake juu ya bapa, nikatamka: "Mzee, naoo-uu-mba unioo-uu-ze Taa-uu-tu." Alikanyaga kila neno, bila huruma, tena alijua kulichezesha haraka kuliko mimi. Tatu alikimbilia nyuma ya nyumba, sijui kwa aibu au kwa kucheka.

Jibu lilikuja kwa mshenga, kama desturi, nalo lilikuwa ndiyo. Kanyagio halikurudi, maana kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi, na kila nilipokwenda ukweni nililikuta juu ya kabati, limefutwa vumbi, na mzee akilinyooshea kidole nikianza kuongea sana.

Nikanunua lile la mwangwi, na nikaapa kwamba mkubwa akisema, miguu yangu yote miwili itakuwa chini, kwenye udongo. Kiapo nimekishika. Lakini Tatu hasadiki, mpaka leo nikitaka kumwambia jambo la maana, kwanza anautazama mguu wangu.