Bwana Harusi Aliyekuja na Nyumba Yake

Mwanamume anayekwenda kuoa huku anakokota nyumba yake nyuma ya gari ni mpumbavu, na mpumbavu huyo nusura awe shemeji yangu.

Kwetu Moroni nyumba ni ya mwanamke. Mama alianza kumjengea dada yangu mkubwa tangu yuko shuleni, chumba baada ya chumba, na mume huingia humo na nguo zake tu. Mtoto yeyote wa Ikoni, mji jirani, analijua hilo. Bwana harusi wetu alizaliwa Ikoni, lakini kazi ya bandari ilimpeleka Mutsamudu, kisiwa cha pili, akafanya urafiki na mamluki, wale Wazungu wa bunduki waliojiona ndio wenye nchi. Mmoja wao alipokuwa anaondoka akamuuzia gari kubwa la petroli, la kubeba ukoo mzima, pamoja na nyumba ya bati ya kukokotwa, yenye vitanda, jiko na mapazia ya maua. Ya kutalii! Katika kisiwa unachokizunguka ukarudi chai ingali vuguvugu.

Nami nilikuwa nafanya kazi Mutsamudu, nikaviona vikipakiwa melini kuletwa Moroni. Nikamuuliza ni vya nini.

"Vya raha, shemeji. Wazungu wanaishi hivi."

Nilimdharau tangu hapo.

Siku ya harusi alitoka Ikoni akiendesha mwenyewe, wazee wa kwao wamebanana nyuma na majoho yao, nyumba inayumba huku na huku. Kila mwenye akili angeegesha barabara kuu. Yeye akakata kona kuingia Badjanani, mtaa wetu wa vichochoro, ambako watu wawili wenye vikapu hupishana kwa kuombana radhi. Nyumba ikakwama baina ya kuta mbili, hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Ukirudi nyuma na tela unazungusha usukani kinyume; yeye akazungusha alivyozoea, nyumba ikajikunja na kukwangua ukuta wa jirani. Injini ikachemka. Milango haikufunguka, wazee wakatokea madirishani, joho la mmoja likachanika.

Mjomba wangu, aliyesimama kuwapokea, akauliza, "Tuliambiwa tunapata mume. Hiyo nyumba ya nini?"

"Ya kwangu, mjomba," akajibu akijifuta jasho. Kisha akacheka. "Mke akinichosha, nina pa kulala."

Kina mama wakaacha kuimba.

Mlango ukafunguka. Dada, ambaye hakutakiwa kuonekana kabla ya nikaha, akatoka na dhahabu zake zote, akanyoosha mkono wenye hina.

"Lete ufunguo."

"Wa gari?"

"Wa nyumba."

Bwana harusi akatia mkono mfukoni mwa joho, ukabaki humo humo. "Tutazungumza ndani, mke wangu."

"Sijawa mke wako."

Dada akaingia ndani. Nikasikia komeo, kisha sauti yake akimwambia mama apakue wali, watu wetu wana njaa.