Mawese Niliyotia Kwenye Gramafoni ya Bibi

Nimekosa, na kosa langu lina harufu. Siku hizi nikikuta mahali wanakaanga kwa mawese, nabadilisha njia. Na mimi ni mtoto wa muuza mawese, hapahapa Katubuka.

Natengeneza redio. Shule niliishia darasa la saba, ila ndoto sijawahi kupungukiwa: siku moja nifungue kijiwe, watu wanywe chai huku santuri za zamani zinalia. Kwa hiyo bibi mmoja wa Ujiji, jirani ya shangazi yangu, aliponikabidhi gramafoni ya marehemu mumewe, ile inayofungwa kama sanduku la safari, niliibeba kama mtoto mchanga.

“Dada yangu anakuja kutoka Bujumbura,” aliniambia. “Tuliicheza tukiwa wasichana, mume wangu alipokuwa ananichumbia. Miguu yake imeisha, sidhani kama atakuja tena. Nataka tuisikie pamoja, basi.”

Mashine ilikuwa imekauka. Nilijua inataka mafuta ya cherehani, matone machache tu, na dukani yalikuwepo. Lakini chupa ya mama ilikuwa karibu, na mimi nilishaanza kuisikia santuri kichwani. Nikamimina mawese. Ikazunguka laini, ikalia. Bibi akanishika mashavu, akaniita fundi wake. Nilitembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Mgeni alipofika, miezi miwili baadaye, nikaalikwa. Nikavaa shati la sikukuu. Wale wawili walikuwa wamekaa mkekani wameshikana mikono. Kifuniko nikakifungua mwenyewe, kwa mbwembwe.

Harufu ndiyo ilitoka kwanza. Mafuta yaliyochacha, mazito, kama sufuria iliyosahaulika. Halafu mende. Walitoka chini ya sahani ya santuri, wakubwa, wanang'aa kwa mafuta, mmoja akapanda kwenye khanga ya mgeni.

Dada mtu akamkung'uta, akacheka. “Mdogo wangu, umeniitia gramafoni au kikaango?”

Wote wakacheka. Hapo ndipo ningesema ni mimi, na yangeisha kwa kicheko. Badala yake nikashika mkono wa kukazia springi. Mgumu. Mawese yalikuwa yameganda na vumbi humo ndani.

“Iache, mwanangu, utaumia,” bibi akasema.

Nikakaza. Ndani kukalia ta! Mkono ukanipiga vidole, kisha ukawa unazunguka bure. Springi imekatika.

Macho yote yakawa kwangu. Ndipo nikasema, kwa mdomo huuhuu ninaolia chakula: “Bibi, kwani mlikuwa mnaiweka jikoni? Mashine hizi hazitaki uchafu.”

Jamani. Mtu aliyeiweka chumbani kwake, juu ya kabati, kaifunika kwa kitambaa cheupe.

Akatazama mikono yake. “Labda ni mimi,” akamwambia dada yake. “Macho hayaoni tena uchafu. Nisamehe, dada.” Kisha akanigeukia. “Na wewe nisamehe, fundi wangu. Nimekuharibia kazi.”

Nikamjibu hamna shida, bibi. Na pilau yake nikala.

Dada mtu alirudi kwao bila kusikia hata sauti ya sindano. Tangu hapo, kila Ijumaa asubuhi, bibi anaitoa ile gramafoni bubu kibarazani na kuifuta kwa kitambaa cha sabuni. Ananawa mikono kabla ya kuigusa. Nilimkuta mwenyewe, akaniuliza kama sasa imetakata. Nikasema ndiyo. Nilijichukia mpaka mate yakawa machungu.

Wenzangu mnaopenda vitu vya zamani, mafuta ya jikoni yabaki jikoni. Kitu kikigoma, usikilazimishe. Springi nitaitafuta mpaka niipate, hiyo ni kazi ya mkono. Ila uchafu wako usimpe mtu mwingine aufute, maana ataufuta kweli, na wewe utakuwa unamtazama.

Nimewaambia ninyi kabla ya kumwambia yeye. Na leo ni Ijumaa.