Jalada Nililolifuata Mchafukoge

Wakili wangu mpya aliniambia siku ile ile ya kwanza, "Mama, bila jalada siwezi kufanya kitu. Nenda kalichukue kwa wakili wako wa zamani. Ni haki yako, hawezi kukunyima."

Nilijua hawezi kuninyima. Hata hivyo nilikaa wiki tatu bila kwenda, nikisingizia duka, kwa sababu yule mzee nilikuwa nimemsema vibaya. Nilisimama dukani kwangu Kariakoo, mbele ya wateja na majirani wauza vitenge, nikasema amenunuliwa na upande wa pili. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa nimechoka tu kuambiwa nisubiri.

Kesi ilihusu nyumba ya marehemu baba. Alishuka kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, akapata nyumba ya vyumba sita pale Kariakoo, akatulea humo. Alipofariki ikawa yangu. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Tulikuwa tunapanda ndege kwenda Dubai kufuata mali, na kila mwenye nyumba ya bati aliota ghorofa lenye maduka chini. Na mimi niliota. Wapangaji wote walihama kwa amani isipokuwa mmoja, mama fundi cherehani wa chumba cha uani. Alisema baba alimwahidi kukaa pale hadi atakapochoka mwenyewe, kwa jinsi yeye alivyomuuguza.

Nikala kiapo kwamba hakumuuguza. Niliapa kwa maandishi kuwa namfahamu kama mpangaji tu, na ya familia yetu hayamhusu.

Ofisi ya wakili wa zamani ilikuwa Mchafukoge, ghorofa ya pili, juu ya duka la vyombo. Alikuwa Mhindi wa umri wa baba yangu, mzaliwa wa mji huu huu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nilipiga hodi, nikaingia nimeinamisha macho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Karibu kiti."

Nikampa barua ya wakili mpya. Aliisoma taratibu, kisha akavua miwani. Nilingoja aniambie kwamba amesikia niliyoyasema. Mchafukoge na Kariakoo ni pua na mdomo, lazima alisikia. Alifungua kabati la chuma, akatoa jalada lililofungwa utepe.

"Nililipanga tangu mwezi uliopita," alisema. "Sasa tupitie karatasi zote, moja moja, kisha utie sahihi. Asije mtu akasema nimeficha kitu."

Alilisema kwa upole, wala hakunitazama.

Akawa anataja, mimi nafunua. Hati ya madai, majibu ya upande wa pili, kiapo changu. Tulipofika kwenye karatasi moja ya hospitali akanizuia mkono.

"Hii unaikumbuka?"

"Hapana, mzee."

"Nilikuonyesha mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa na safari. Mara ya pili ulisema niiache."

Ilikuwa nakala ya fomu ya baba ya kuruhusiwa kutoka wodini. Mahali pa ndugu wa mgonjwa palikuwa na jina la mama fundi, kwa herufi kubwa kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Palipoulizwa uhusiano, aliandika: jirani.

"Upande wa pili ndio walioileta," mzee alisema. "Ndiyo maana nilikuwa navuta muda. Nilitaka ukiondoe kile kiapo kwa hiari yako kabla hakimu hajakigusa. Nilikuandikia."

Barua zake zilikuwa kwenye droo ya duka. Mbili sikuzifungua.

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Mimi si wakili wako tena, binti. Sahihi yako hapa."

Nilirudi kwa miguu. Kwenye bustani ya Mnazi Mmoja nikakaa chini, jalada mapajani, watu wakinipita. Ningependa kusema kwamba ile karatasi ndiyo iliyonifumbua macho, lakini haikuniambia jambo nisilolijua. Nilipokuwa Dubai, mdogo wangu alinipigia simu hotelini akaniambia mama fundi ndiye anayemlisha baba na kumwogesha, na kwamba ndugu wengine wamezidiwa na kazi. Niliporudi nilimletea yule mama kitambaa cha gauni, nikamshukuru kwa mikono miwili. Nilipokuwa naapa nililikumbuka hata ua la kitambaa kile.

Kesho yake nikapeleka jalada kwa wakili mpya. Akaiona fomu, akaigeuza nyuma na mbele.

"Hii ni nakala tu. Halisi iko wapi? Tutaipinga." Kisha akanitazama. "Lakini mama, niambie mapema. Kiapo chako ni cha kweli?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kusema kweli, mchana kweupe, na mtu aliyeuliza kwa heshima. Nikajibu, "Ni cha kweli."

Karatasi halisi haikupatikana hospitalini. Nakala ikakataliwa, tukashinda. Kule dukani, mbele ya wale wale niliowaambia mzee amenunuliwa, sikusema kamwe kwamba nilikosea. Waliponipongeza kwa kubadilisha wakili, niliitikia.

Mama fundi alihama bila ugomvi. Alikuja dukani mwenyewe kuleta ufunguo, amejifunga khanga, cherehani imetangulia kwenye mkokoteni.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Akaweka ufunguo juu ya kaunta. "Kaburi la baba yako mmeshalijengea?"

Nilidhani angesema kitu kingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, au machozi.

"Tumeshalijengea, mama."

"Mungu awabariki. Alikuwa akisema hataki kulala kwenye udongo mtupu."

Hatukuwa tumeweka hata tofali moja. Kwangu mimi baba hakuwahi kusema neno lile. Labda alilisema siku zile nilipokuwa safarini. Desemba nilisafiri na mafundi wawili hadi Kilimanjaro, tulikomzika baba, tukalijengea kaburi, likapigwa lipu, likawekwa msalaba. Nilisimama pale nikataka yule mama ajue. Lakini siku alipoleta ufunguo sikumuuliza anahamia wapi, na kila niliyemuuliza Kariakoo alinijibu kwamba hajui.