Mama Misumari na vijana wasiokubali kumaliziwa neno

Saa tisa alasiri, duka la vifaa vya ujenzi limejaa, na anayehudumia ni binti wa miaka kumi na minane mwenye kigugumizi. Fundi bomba anauliza bei ya koki. Binti anaanza, neno linakwama.

"Elfu nne?" fundi anamsaidia.

"Mwache amalize!" Mwenye duka, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Misumari, anagonga kaunta. "Mwenye haraka, duka la pili lipo pale kona."

Fundi anasubiri. Bei inatoka: elfu tatu. Nusura ajipandishie bei mwenyewe.

Mama Misumari naye ana kigugumizi tangu utotoni. Kila mwaka huchukua vijana wawili watatu wenye kigugumizi kama yeye, waliomaliza sekondari, na kuwasimamisha kaunta kabla hawajaenda chuoni au kazini. Wanapokea simu, wanabishana bei, wanajitambulisha kwa wasiowajua. Mama Misumari hawafundishi kukificha kigugumizi.

"Nakipeleka wapi? Ni changu," anasema. "Nawafundisha wasikubali kunyang'anywa zamu yao ya kusema."

Wateja wengine wamehama. Wala hajali.

Kinachomchoma ni binti huyu. Tangu mdogo anataka udaktari wa mifugo. Majirani humletea kuku na mbuzi wagonjwa. Kwenye usaili wa chuo, neno lilikwama. Akasema "kilimo", kwa kuwa ndilo lililotoka. Akaandikwa kilimo.

"Ni ugonjwa wetu sote," Mama Misumari anasema kwa hasira. "Tunachagua neno jepesi, halafu tunaishi nalo maisha mazima!"

Mwisho wa kubadilisha kozi ni kesho. Basi, kwa mazoezi, fundi bomba anageuzwa karani wa chuo. Anavuta kiti, anajitia ukali.

"Unataka kusomea nini?"

"U-udaktari wa mmm..."

"Misumari?" fundi anatania. Duka zima linaangua kicheko.

Binti hacheki. Anamkazia macho. "Si-sijamaliza," anamwambia. Kicheko kinakatika. "Wa mmm... mi-mifugo."

Mama Misumari anapiga makofi. "Kesho nafunga duka, nakwenda na wewe. Nitamkodolea macho huyo karani mpaka akome."

"Ha-hapana, Mama. Fu-fungua duka. Nitaenda mwe-mwenyewe."

 Mama Misumari anajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la saruji, na furaha inamshinda kuificha.

"Basi huyo karani ale ashibe asubuhi," anasema. "Chakula cha mchana asahau. Binti huyu hatoki pale bila mifugo yake."